Kabla hujanunua kadi ya michoro: bango linagandia wapi hasa?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wasanifu wa michoro wengi ninaowafahamu wamebaki na swali moja: kompyuta niliyonayo imefika mwisho, au inahitaji tu kuongezewa kitu? Wakiuliza madukani hupewa jibu lilelile. “Chukua hii yenye kadi ya michoro, kaka, hii ndiyo ya grafiki.” Mtu anavunja akiba, anarudi nyumbani na laptopu nzito yenye taa za rangi kwenye kibodi. Wiki ya pili anafungua bango la send-off, na linaganda palepale lilipokuwa likiganda kwenye kompyuta ya zamani.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, na lilikula akiba ya miezi minane. Laptopu niliyouziwa ilikuwa na kadi nzuri kweli. Ilikuwa pia na RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka, na hayo mawili hakuna aliyenitajia dukani, wala mimi sikujua kuyauliza. Ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na majina, kwa sababu mkanganyiko mwingi unazaliwa hapo. Mfikirie fundi cherehani kwenye banda lake. Fundi mwenyewe, anayepima, anayekata na kuamua, ndiye prosesa. Meza ya kukatia iliyo mbele yake ndiyo RAM: kitambaa kikiwa juu yake, mkono unakifikia mara moja, ila jioni meza husafishwa yote. Stoo ya nyuma yenye majora ya vitambaa ndiyo diski. Inabeba vingi na haipotezi kitu, lakini kukifuata kitu huko ni safari. Na wale vijana ishirini waliokaa mkekani wakishona vifungo kwa pamoja ndio kadi ya michoro. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kukata suti. Lakini wape vifungo elfu moja vinavyofanana, watavimaliza fundi akiwa bado anahangaika na vya kwanza.

Kazi ikichelewa kwenye banda hilo, huenda fundi ni mzito, huenda meza ni ndogo, huenda stoo iko mbali, au huenda vifungo ni vingi na vijana hawapo. Ni maradhi manne, na kila moja lina dawa yake. Ukimwongezea vijana ishirini fundi ambaye meza yake haitoshi hata mita mbili za kitambaa, umewalisha watu ishirini bure.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, chunguza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa Performance. Hapo utaona prosesa, RAM, diski na kadi ya michoro, kila kimoja na asilimia yake. Sasa rudi kwenye kazi yako na ufanye kile kinachokusumbua: fungua faili zito, zungusha picha, weka kivuli, hifadhi. Tazama ni kipi kinachopanda hadi juu na kung'ang'ania huko wakati vingine vimetulia. Kama diski iko asilimia 100 na RAM imejaa huku prosesa ikicheza kwenye 15, umeshapata jibu, na wala halihusiani na kadi ya michoro.

Wanaotumia Photoshop wana kipimo kingine kizuri zaidi, nacho kimekaa pale chini kushoto mwa dirisha miaka yote hii. Kwenye mshale mdogo ulio pembeni ya ukubwa wa faili, chagua Efficiency. Ikisoma 100%, meza yako inatosha. Ikishuka chini ya hapo, Photoshop imekosa nafasi mezani na imeanza kukimbia stoo kila mara, yaani inatumia diski badala ya RAM. Ukiona 60% katikati ya kazi ya kawaida, acha kuwaza kadi.

Kwa nini meza hujaa haraka hivyo? Hapa ndipo watu wengi hushangaa, maana wanaona faili lao kwenye diski ni MB 300 tu na kompyuta ina GB 8. Hebu tupige hesabu ya bango la kusimama la kawaida, lile la sentimita 85 kwa 200. Kwa nukta 300 kwa kila inchi, bango hilo lina nukta 10,039 kwa upana na 23,622 kwa urefu. Zidisha: ni nukta milioni 237. Kwenye rangi za uchapaji, zile nne za CMYK, kila nukta hubeba baiti 4. Kwa hiyo leya moja tu, yaani tabaka moja la picha, iliyojaa kutoka pembe hadi pembe inataka karibu GB 1 ya RAM. Weka picha ya bibi harusi, mandhari ya nyuma, maua, kivuli, leya mbili za kurekebisha ngozi, umefika GB 5 au 6. Sehemu tupu za leya hazili nafasi kiasi hicho, lakini kuna kitu kingine kinachokula: Photoshop hukumbuka hatua zako 50 za mwisho ili uweze kurudi nyuma, na kila hatua inatunza sehemu zilizobadilika. Windows yenyewe tayari imeshika GB kadhaa, na kivinjari kiko wazi na vichupo kumi na viwili vya picha za mfano. Yale MB 300 uliyoyaona kwenye diski ni kitambaa kilichokunjwa, yaani faili lililobanwa. Huwezi kukikata kikiwa kimekunjwa.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa nukta 100 kwa inchi. Leya moja inashuka hadi MB 105. Mara tisa pungufu! Na kwa bango linalotazamwa kutoka hatua mbili au tatu, jicho la binadamu haliwezi kutofautisha. Nukta 300 ni za kadi ya mwaliko, kijarida, kitu kinachoshikwa mkononi. Mabango makubwa ya barabarani huenda chini zaidi ya 100. Muulize mchapaji wako anataka ngapi kabla hujaanza kazi. Nimeona vijana wakipanga kununua kompyuta mpya kwa ajili ya bango ambalo, likitengenezwa kwa nukta zinazotakiwa, lingefunguka vizuri kwenye ile waliyonayo. Namba moja isiyo sahihi kwenye kisanduku cha kuanzisha faili ndiyo iliyokuwa ikiwatesa.

Kama baada ya hapo meza bado ni ndogo, ongeza RAM. Adobe wenyewe wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha Photoshop na kupendekeza 16. Kwa uzoefu wangu, 16 zinatosha kwa kadi za mwaliko, matangazo ya mitandaoni na nembo. Anayeunganisha picha nyingi kwenye mabango apange kufika 32. Zaidi ya hapo ni kwa wachache wanaojua kwa nini wanazihitaji. Uweke kijiti kimoja cha RAM au viwili? Viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja. Tofauti huonekana zaidi kwenye laptopu isiyo na kadi yake ya michoro, kwani hiyo huazima RAM ya kompyuta. Hakikisha pia aina yake: DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani, hazitaingia hata ukilazimisha. Na kuna laptopu nyembamba ambazo RAM yake imelehemewa kwenye ubao, hivyo haiongezeki kamwe. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, na zilizofuata ndivyo zilivyo. Kiasi utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

Bahati mbaya tunazungumza haya wakati mgumu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda kwa kasi duniani kote, kwa sababu viwanda vya chipu vinapeleka uzalishaji kwenye mitambo ya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, jina lake la RAM na diski za kuuzia watu wa kawaida. Hii ni sababu nyingine ya kupima kwanza, maana kununua RAM usiyoihitaji leo kunauma kuliko zamani.

Diski nayo inataka maneno machache ya wazi. Diski ya kuzunguka ina sahani ndani yake na mkono unaosogea kutafuta data, kama mtu anayepanda ngazi kila mara kufuata jora. Husoma takribani MB 100 kwa sekunde, 150 ikiwa katika hali nzuri. SSD, diski ya chipu tupu, haina kitu kinachozunguka. Ziko za njia mbili za kuunganishwa: ile ya SATA, njia ya zamani, hufika takribani MB 500, na ya NVMe, njia mpya, huanzia kwenye 3,000 na kuendelea. Tuseme Photoshop inataka kurudisha GB 5 kutoka stoo: kwa diski ya kuzunguka ni karibu dakika nzima, kwa SATA ni sekunde 10, kwa NVMe ni chini ya sekunde 2. Ndiyo maana mtu aliyetoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote husema amenunua kompyuta mpya. Anayetoka SATA kwenda NVMe hasikii mapinduzi ya namna hiyo. Hata muda wa kuhifadhi faili haupungui sana, kwa sababu wakati huo Photoshop inakunja kitambaa, na ukunjaji ni kazi ya prosesa. Kwenye mapendeleo ya programu unaweza kuizuia isikunje faili za PSD. Kuhifadhi kutakuwa kwa haraka, faili litakuwa kubwa, chaguo ni lako.

Mtego mmoja hapa: ile nafasi nyembamba ya kuchomekea SSD kwenye ubao, iitwayo M.2, inaweza kuwa ya SATA peke yake, ya NVMe peke yake, au ya zote mbili, na kwa macho zinafanana. Angalia maelezo ya modeli yako kabla ya kulipa. Na laptopu ya zamani isiyo na nafasi hiyo bado inapokea SSD ya inchi 2.5 pale ilipokaa diski ya kuzunguka.

Tuje kwa fundi mwenyewe. Prosesa za Intel huitwa i5, i7 na kadhalika, na imani iliyoenea ni kwamba i7 ni i7 na siku zote humshinda i5. Si kweli. Chukua i7-7500U ya 2016, ina viini 2, yaani mafundi wawili ndani ya prosesa moja. Kisha chukua i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja tu baadaye: ina viini 4. Anayeuza atakutajia “i7” kwa sauti na kuimeza namba inayofuata, kumbe namba hiyo ndiyo yenye habari. Tarakimu ya kwanza au mbili za mwanzo ni kizazi. Herufi ya mwisho inasema tabia yake: U imetengenezwa kutumia umeme kidogo, H imeruhusiwa kula umeme mwingi na kufanya kazi nzito.

Na wingi wa viini nao una mipaka. Mafundi kumi hawawezi kukata kitambaa kimoja kwa mkasi mmoja. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba kama sehemu ya tano ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua, basi hata ukileta viini visivyo na idadi, kazi haitakwenda kasi zaidi ya mara 5. Usanifu wa michoro una mengi ya namna hiyo. Illustrator na CorelDRAW, programu za kuchora kwa mistari, zinaposogeza mchoro wenye maelfu ya vidoti vinavyoshika mistari hiyo, zinategemea zaidi kasi ya kiini kimoja. Anayetengeneza nakshi za vitenge au hina kwa kuiambia programu ifuatishe picha yenyewe anajua ninachosema: nakshi moja inarudi na vidoti makumi ya maelfu, na kila kusogeza ni kusubiri. Hapo RAM ya GB 64 haimsaidii. Kinachomsaidia ni kiini chenye kasi, au kupunguza vidoti, kazi ambayo programu zote mbili zina kifaa chake na haigharimu kitu.

Sasa hiyo kadi ya michoro. Jina lake ndilo linalowapotosha watu: nafanya michoro, basi nahitaji kadi ya michoro. Lakini ndani ya Photoshop vijana wa vifungo huitwa kwa kazi maalumu: kukuza na kusogeza picha kwa ulaini, baadhi ya filta za ukungu, Liquify ya kuvuta na kukunja umbo, marekebisho ya picha za kamera kwenye Camera Raw, na kuchagua mtu kwenye picha kwa akili mnemba. Kadi ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 4 inabeba hayo kwa raha. Kati ya hiyo na kadi ya bei mara nne, siku nzima ya kutengeneza kadi za mwaliko na mabango itakuonyesha tofauti ndogo mno. Na kuna jambo wengi hawalijui: ile Generative Fill inayojaza picha kwa maneno haifanyiki kwenye kompyuta yako. Picha hutumwa kwenye mitambo ya Adobe na kurudishwa. Ikichelewa, tazama bando lako la intaneti.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kadi haina kazi. Ukiingia kwenye Blender, programu ya 3D, na kuanza kutoa picha za 3D, mambo yanageuka kabisa. Kila nukta ya picha inahitaji kufuatilia miale ya mwanga inayogonga ukuta, kioo, sakafu, na nukta zote zinafanyiwa hesabu ileile. Hivyo ndivyo vifungo elfu! Picha ya sebule iliyochukua prosesa usiku kucha kadi nzuri huitoa kwa sehemu ndogo ya muda huo. Hapo toa pesa bila huruma, na uangalie kumbukumbu ya kadi yenyewe, kwa sababu samani, vitambaa na taa za sebule hiyo zinatakiwa kuenea humo. Wahariri wa video nao wako upande huo. Swali la kumuuliza msanifu, basi, ni anafanya michoro ya aina gani, na kwa saa ngapi kila siku.

Wengi wetu tunanunua zilizotumika, na sioni aibu yoyote hapo. Laptopu za kikazi kama HP ZBook na Dell Precision, zikiwa zimeshafanya kazi ofisini Ulaya au zimepitia Dubai, mara nyingi ni chaguo bora kwa msanifu kuliko mpya ya bei hiyohiyo: baadhi zina tundu 4 za RAM, zinafunguka kwa bisibisi, na feni zake zilitengenezwa kwa kazi ya kutwa. Hofu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kibandiko cha i7 nje si ushahidi, kinabandikwa na yeyote. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama modeli mpya, na programu ya bure ya GPU-Z huzigundua nyingi kati ya hizo. CrystalDiskInfo, nayo ya bure, itakuonyesha diski imewashwa saa ngapi tangu izaliwe na afya yake ikoje.

Halafu joto. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, laptopu iliyowekwa juu ya godoro huku feni zake zimeziba vumbi inaweza kufanya kazi kama ya miaka mitano nyuma yake. Safisha feni, badilisha ile dawa ya kupoozea iliyokauka juu ya prosesa, inua laptopu ipate hewa. Ichomeke kwenye umeme unapofanya kazi nzito, kwa sababu ikiwa kwenye betri nyingi hujibana. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, betri ya akiba inayoishikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili la siku tatu linaweza kukataa kufunguka.

Kioo hakiongezi kasi, lakini vioo vingi vya laptopu za bei nafuu huonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za vioo. Ukirudia kuchapa bango kwa sababu rangi ya kanga imetoka tofauti, umepoteza muda mwingi kuliko RAM yoyote itakavyokuokolea.

Siku ya kwenda dukani, usiende mikono mitupu. Weka kwenye flashi faili lako zito kuliko yote, lile linalokutoa jasho, pamoja na GPU-Z na CrystalDiskInfo. Mwambie muuzaji kwa adabu kwamba unataka dakika ishirini na mashine. Fungua faili hilo kwenye Photoshop au CorelDRAW, sogeza, weka kivuli, hifadhi, huku ukurasa wa Performance ukiwa wazi pembeni. Sikiliza feni. Gusa sehemu ya juu ya kibodi usikie moto. Muuzaji akikataa kukupa dakika hizo ishirini, chomoa flashi yako, mshukuru, nenda duka la pili.